Watatu, Saa Kumi na Mbili

Watu wanamwita Pembe. Si jina alilopewa na mama yake, ni jina la kazi. Hutengeneza fremu za picha, za vioo na za vyeti, na anachojivunia ni zile kona nne, mahali mbao mbili zinapokutana. Ukipitisha ukucha kwenye pembe aliyoiunga yeye, hutajua mbao moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Mteja akimharakisha, humjibu, "Mbao haijui kama una haraka." Akiletewa fremu ya fundi mwingine iliyoachia, huigeuza mara moja tu na kusema, "Huyu aliunga huku anatazama mpira."

Ana umri wa miaka hamsini na sita, ni mjane, na wanawe wawili wameoa na kuhamia mbali. Karakana yake ni chumba kirefu chenye dirisha upande mmoja tu, hivyo nusu ya chumba ina mwanga na nusu nyingine huwa na giza hata mchana. Anaishi katika vyumba viwili vya nyuma. Haya ninayoyaeleza ameniruhusu mwenyewe niyaeleze, tena kwa sharti kwamba nisimpambe. Sitampamba.

Picha ililetwa na watu wawili, Padri wa kanisa la mtaani na Katibu wa ukumbi wa kanisa hilo, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya posta maisha yake yote. Waliileta kwenye mkokoteni, imefungwa shuka. Ilikuwa imening'inia ukumbini tangu enzi za taa za mafuta, na moshi wa taa hizo ulikuwa umeigandia mpaka watoto wa mafundisho walikuwa wakiiogopa. Hakuna aliyejua nani aliichora. Sasa ukumbi ulikuwa umepakwa rangi upya, na Padri alitaka picha isafishwe, itiwe fremu mpya, na chini yake kiwekwe kibao chenye maelezo ya kilichochorwa.

Shuka lilipotolewa, wote watatu walisimama wakaitazama. Ilikuwa picha ya nchi tambarare yenye maji yaliyosimama, upana wake karibu sawa na mlango uliolazwa. Miti michache myeusi, isiyo na jani hata moja. Mbingu ilikuwa imechukua zaidi ya nusu ya picha, nzito, rangi ya jeraha linaloanza kupona, na chini yake kabisa ulikuwepo mstari mwembamba wa njano, kama mwanga unaopita chini ya mlango. Katikati ya ukiwa huo, wadogo kiasi cha kidole gumba, watu watatu waliovaa mavazi marefu na kujifunika vichwa walikuwa wakitembea kwenye nyasi. Kila mmoja alibeba chupa.

"Hawa wanatoka kuzika," Katibu alisema. "Tazama mabega yalivyoshuka. Mtu anayekwenda mahali habebi mabega namna hiyo."

"Ni wale wanawake waliokwenda kaburini alfajiri na manukato," Padri akasema. "Na kaburi watalikuta tupu."

"Baba Padri, wewe kila picha unaifufua."

"Na wewe kila picha unaizika."

Pembe hakucheka. Alikuwa ameshailaza picha kifudifudi mezani kuangalia hali ya mbao za nyuma, na mkono wake ulikuwa umesimama. Kwenye mbao ya juu palikuwa na maandishi ya penseli, yamefifia lakini yanasomeka: *Watatu, saa kumi na mbili.*

"Haya, mchoraji mwenyewe amesema," Padri akafurahi, kisha uso ukamshuka. "Lakini ya asubuhi au ya jioni?"

"Hapo sasa," Katibu akasema.

Padri akamgeukia Pembe. "Mama, wewe utakaa nayo. Ukishaiosha utaona tusichokiona sisi. Utuambie ni asubuhi au jioni. Kibao kinasubiri neno hilo moja tu."

Alisema sawa. Walipoondoka alikaa kwenye kigoda chake na hakufanya kazi nyingine siku hiyo.

Lazima nieleze kwa nini. Miaka kumi na tisa kabla ya picha hiyo kuletwa, mama yake Pembe alilazwa hospitali. Wodi ile ilifunguliwa kwa jamaa mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Aliyekuwa akikaa na mgonjwa ni mdogo wake Pembe, msichana wa miaka ishirini wakati huo. Kaka yao mkubwa alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Jioni moja, kama saa moja hivi, mdogo mtu alipita karakana akiwa njiani kwenda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo. Alisimama mlangoni, akasema maneno aliyotumwa: "Dada, mama amesema uje kesho saa kumi na mbili." Akaondoka mbio.

Pembe alifika kesho yake saa kumi na mbili jioni. Alikuta godoro limekunjwa. Mdogo wake alikuwa ameketi juu ya vyuma vya kitanda, mikono mapajani. Mama alikuwa amefariki saa tisa alasiri. Neno la kwanza lililomtoka Pembe lilikuwa, "Mbona uliniambia jioni?"

Msichana alimtazama muda mrefu. "Nilisema jioni?"

"Ulisema jioni."

"Basi labda nilisema jioni."

Ndivyo ilivyosimuliwa kwa kaka alipofika, na ndivyo ilivyosimuliwa kwa shangazi na kwa majirani, na kwa miaka kumi na tisa ndivyo ilivyobaki. Kaka alimpa mdogo wao jina la Saa Mbovu. Akitaka kutuma habari nyumbani husema, "Msimtume Saa Mbovu, tutazikana bila kuagana." Anasema kwa kucheka, na wengine hucheka pia. Mdogo mtu naye hucheka. Alipata kazi mapokezi kwenye zahanati, na huko wagonjwa walimpa jina jingine, Mama Asubuhi, kwa sababu kwenye kila kadi ya kurudi kliniki huandika saa kwa kalamu nyekundu, kisha asubuhi au jioni kwa herufi kubwa, kisha hupiga mistari miwili chini yake.

"Binti, hapa asubuhi umeipigia mstari mara mbili," mzee mmoja alimwambia. "Kwani kuna saa mbili ngapi kwa siku?"

"Mbili, babu. Ndiyo taabu yenyewe."

Hayo watu wote wanayajua. Ambalo watu hawakulijua ni hili. Jioni ile mlangoni, mdogo wake aliposema "kesho saa kumi na mbili," Pembe alijua kwamba haikutajwa asubuhi wala jioni. Swali lilimjia. Lilifika kwenye ulimi, na mdogo wake alikuwa bado hajavuka hata barabara. Angeita tu, "We! Ya asubuhi au ya jioni?" angejibiwa. Akalimeza. Mezani kwake kulikuwa na fremu ya kioo cha kinyozi, na alitaka kuimaliza asubuhi. Alijiambia kwamba ni jioni, akalala akiwa na uhakika ambao alijipa mwenyewe.

Sisi wasemaji wa lugha hii tumezoea kulaumu saa zetu. Ni kweli kwamba saa kumi na mbili huja mara mbili kwa siku, jua likichomoza na jua likizama, na mtu mwaminifu anaweza kukosea. Lakini Pembe hakukosea. Alilikuta neno lina milango miwili, akapita kwenye ule uliomfaa, na baadaye akamsukumia mdogo wake lawama. Kuna tofauti kati ya kosa na hilo, nami sitaififisha.

Basi alianza kuisafisha picha. Pembe husafisha picha za zamani kwa pamba na mate, kama alivyofundishwa na baba yake. Hulowesha kipande cha pamba mdomoni, huzungusha taratibu mahali padogo kama sarafu, hukitupa, hulowesha kingine. Siku ya tatu Padri alipita kumwangalia, akamkuta na pamba mdomoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasafisha."

"Kwa mate? Unawatemea watakatifu?"

"Siwatemei, Padri, nawanawisha. Mate yana uvuguvugu na hayali rangi kama sabuni. Yule kipofu wa kwenye Injili alipakwa nini machoni?"

Padri alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, endelea. Ila Katibu asikukute." Kisha akauliza, "Na ile habari yetu? Asubuhi au jioni?"

"Bado naangalia," Pembe akasema.

Moshi ulipotoka, vichwa vya wale watu vilionekana vimezungukwa na pete nyembamba za njano, kama nyuzi. Wawili wa mbele walikuwa na pete kamili. Wa tatu, aliyekuwa nyuma, pete yake ilikuwa imebanwa kama sahani inayotazamwa ubavuni, na Pembe hakuelewa kwa nini mpaka alipofika usoni. Watu wote walikuwa wakiamini kwamba watatu hao wanatazama mbele. Si wote watatu. Yule wa nyuma alikuwa amegeuza kichwa. Alikuwa mwanamke mzee, uso mdogo kuliko punje ya mahindi, na alikuwa akitazama nyuma, nje ya picha, kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna mmoja bado anakuja.

Tangu siku hiyo karakana ikambadilikia. Aliiegemeza picha upande wenye mwanga, na uso ule ukawa unatazama mlango. Mteja akiingia, Pembe hujikuta anamtazama mteja kisha picha, kama anayetaka kuona kama ndiye aliyekuwa akisubiriwa. Alitundika aproni yake juu ya picha. Alasiri moja, mvua ikiwa inakaribia na upande ule mwingine wa chumba umeshaingia giza, alikuwa anakata mbao, na katikati ya sauti ya msumeno alisikia mtu nyuma yake akiuliza, polepole, kwa sauti iliyokauka, "Saa ngapi?"

Alisimamisha msumeno. Hakukuwa na mtu. Aproni ilikuwa imeanguka chini, na hakuna upepo uliokuwa umeingia.

Mimi si mtu wa mizimu, na ninawashuku wanaozisimulia habari hizo kwa raha. Pembe hakusimulia kwa raha. Aliniambia kwamba sauti hiyo ilirudi siku tatu mfululizo, daima mchana, daima akiwa anafanya kazi yenye kelele, na daima iliuliza kitu hicho kimoja. Siku ya pili alijibu. Alisema kwa sauti, "Saa nane," kwa sababu ndiyo ilikuwa saa nane. Siku ya tatu hakujibu, akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Ilikuwa siku ya sita ya kusafisha alipofika kwenye nyasi. Alidhani ni nyasi za kijivu tu. Mate yalipopita, yalitoka ya fedha, kila jani limeguswa kwa ncha ya brashi nyembamba kuliko unywele, na katikati ya fedha hiyo ulipita mstari wa kijani kibichi kutoka ukingoni mwa picha hadi kwenye miguu ya wale watu. Pembe alifuata mstari huo kwa pamba mpaka mwisho, akakaa chini. Ulikuwa umande. Watu watatu walikuwa wamepita kwenye umande na kuukung'uta kwa pindo za nguo zao. Nyasi za jioni hazina umande wa namna ile.

Alijua, basi. Na Padri alipopita tena kuuliza, alisema, "Bado naangalia."

Siku ya nane walikuja wote wawili, Padri na Katibu, kwa kuwa mchonga vibao alikuwa ameanza kulalamika. Picha ilikuwa imeegemezwa mezani, safi. Katibu alivaa miwani, akaisogelea, akarudi nyuma.

"Mabega bado yameshuka," alisema.

"Mama, umeamuaje?" Padri akauliza.

Pembe alifuta meza iliyokuwa safi. "Ni vigumu kusema."

"Basi tusiumize kichwa," Katibu akasema. "Tuandike hivyohivyo, 'saa kumi na mbili.' Kila mtu achague yake. Anayetaka asubuhi achukue asubuhi, anayetaka jioni achukue jioni. Nani atalalamika?"

Padri alifikiri. "Si wazo baya."

Pembe aliniambia kwamba alihisi kama mtu aliyepewa tena kitu alichokiiba, na aliyempa anatabasamu. Kila mtu achague yake. Yeye alikuwa ameshachagua ya kwake, miaka kumi na tisa iliyopita, mlangoni pale pale walipokuwa wamesimama wageni wake.

"Hapana," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni asubuhi. Nimejua tangu juzi."

"Tangu juzi? Na jana ukaniambia…"

"Nilikudanganya, Padri. Njooni muone."

Akawaonyesha umande, akawaonyesha njia ya kijani kwenye nyasi. Katibu aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Alipoinuka alivua miwani, akaipangusa.

"Umande!" akasema. "Miaka yote hii nimewarudisha kutoka makaburini watu ambao hata hawajafika."

Padri alifurahi kama mtoto, akampongeza, akasema kibao kitaandikwa siku hiyohiyo. Kisha akatazama uso wa Pembe. "Mama, kuna nini?"

"Nina safari," Pembe akasema. "Nifungieni mlango mkitoka."

Zahanati iko mwendo wa dakika ishirini. Alifika wakati foleni ya mchana imekwisha, benchi zote za mapokezi ziko tupu isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa anamnyonyesha mtoto karibu na mlango. Mdogo wake alikuwa nyuma ya kaunta akipanga kadi kwenye sanduku la mbao.

"Heh! Fundi umetoka pangoni?" alisema. "Unaumwa? Maana wewe bila homa huvuki barabara."

"Siumwi. Nina neno."

"Sema basi, mbona umenitolea macho?"

Pembe alisema akiwa amesimama, mikono miwili juu ya kaunta. Alisema kwamba jioni ile hakuambiwa jioni. Aliambiwa kesho saa kumi na mbili, basi. Alijua kwamba hajaambiwa ni ipi, alitaka kuuliza, akaacha makusudi, na maneno "uliniambia jioni" aliyatunga pale mbele ya kitanda. Alisema yote kwa mkupuo mmoja.

Mdogo wake alirudisha kadi moja sandukuni. Akaitoa tena. Akaiweka juu ya kaunta.

"Sikusema jioni," akasema.

"Hukusema."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilikuwa nayo siku zote."

Mdogo wake alitoka nyuma ya kaunta, akaja kuketi kwenye benchi, si karibu na dada yake wala si mbali. Alianza kuzungumza akiwa anatazama sakafu.

"Mama aliamka kabla hakujapambazuka. Akaniambia nimchane, nimvalishe gauni la kijani, nimwegemeze mto aone mlango. Ilipofika saa kumi na mbili watu wakaingia, kila mtu na mgonjwa wake. Ikawa saa moja. Ikawa saa mbili. Siku nzima alikuwa ananiuliza, 'Saa ngapi?' Nikimjibu ananyamaza, baada ya muda anauliza tena, 'Saa ngapi?'"

Pembe alishika ukingo wa kaunta. Hakusema alichokuwa amekisikia karakanani.

"Ilipofika kama saa tano nikaona anakata tamaa nawe. Macho yalianza kuondoka mlangoni. Nikaogopa atakufa akidhani umemkataa. Nikamwambia, 'Mama, nadhani ni kosa langu. Nadhani nilimwambia jioni.' Niliongopa, unasikia? Nilijua sikusema jioni. Nilisema hivyo ili nikukinge wewe."

"Mungu wangu."

"Ngoja. Akanigeukia. Akaniambia, 'Nilikutuma neno moja tu. Hata neno moja huwezi kulifikisha?' Akageukia ukutani. Hakusema nami tena mpaka alipokata roho saa tisa." Alipangusa goti lake kwa kiganja, kama aliyemwagikiwa na kitu. "Nilikuwa nimejisemea moyoni si kitu, dada atakuja jioni, nitamweleza tucheke wote. Ukaja. Neno lako la kwanza likawa lilelile nililolitunga mimi. 'Uliniambia jioni.' Sasa mimi ningejuaje? Nikasema kumbe si uongo. Kumbe kweli nilisema, nimesahau, na mama alikuwa na haki."

Yule mwanamke wa mlangoni aliinuka na mtoto wake, akatoka nje taratibu.

"Nisamehe," Pembe akasema.

"Wewe naweza kukusamehe. Sijui lini, lakini wewe uko hapa, una masikio. Mama je? Aliondoka amenikasirikia mimi."

"Najua."

"Hujui. Leo ndiyo kwanza unasikia." Akanyoosha mkono. "Mpigie kaka. Weka sauti nisikie."

Pembe alipiga. Kaka alipokea akiwa na kelele za watu nyuma yake. "Fundi! Leo umenikumbuka. Kuna nini, Saa Mbovu kaachwa na treni?"

"Kaka, sogea mahali pa kimya." Akamweleza, kwa maneno yale yale, bila kujipunguzia. Upande wa pili kelele zilififia.

"Yuko hapo?" kaka akauliza.

"Yupo."

"Mpe."

Mdogo wao aliichukua simu. Kaka alisema mengi, kwa haraka, sauti ikipanda na kushuka. Yeye alijibu, "Sawa, kaka. Sawa. Nimesikia," akairudisha.

"Huyu ameomba radhi mbio mbio kama anayelipia nauli," alisema. "Wewe usiniombe tena."

"Nifanye nini?"

"Kesho njoo unieleze tena, mwanzo mpaka mwisho. Leo nimesikia nusu."

Pembe alikwenda kesho yake, baada ya foleni, akaeleza tena. Mdogo wake alisikiliza bila kumkatiza, akasema, "Na kesho pia." Siku ya tatu akamkatiza mara mbili. "Nilikuwa nimesimama wapi?" akauliza. "Nilivaa nini?" Picha ilikuwa imeshatundikwa ukumbini na kibao chake, Padri alimwalika Pembe kuiona, naye hakwenda. Alikuwa na mahali pa kuwa kila alasiri. Karakana ilikuwa kimya sasa. Aliniambia kwamba ukimya huo haukuwa nafuu kama alivyotarajia, kwa sababu alikuwa amejua sauti ile ilikohamia. Mdogo wake alikuwa amemwambia kwamba siku hizi huamka kabla ya jua, akaketi kitandani, akatazama mlango.

Wako watakaosema kwamba angenyamaza tu. Kwamba mdogo mtu alikuwa amezoea, anacheka, ana kazi yake, na ukweli umemwamshia maumivu aliyokuwa ameyalaza. Sikubaliani nao. Maumivu yale hayakuwa yake. Alibebeshwa, na aliyembebesha hana haki ya kumhurumia mzigo kwa kuuacha mgongoni pake.

Siku ya tano walikaa kwenye benchi moja. Pembe alieleza mpaka akafika pale pa fremu ya kioo.

"Kioo cha nani?" mdogo wake akauliza.

"Cha kinyozi."

"Alikuwa anakitaka asubuhi ile?"

Kwa siku nne Pembe alikuwa amepita juu ya neno hilo, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kulikagua hata yeye mwenyewe. Alitazama mikono yake.

"Hapana. Alikuja kukichukua baada ya wiki mbili."

"Basi kwa nini hukuja?"

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, ufagio unakwenda na kurudi.

"Niliogopa," Pembe akasema. "Mara ya mwisho nilipokwenda alikuwa amekonda hata sikumtambua. Harufu ile. Na vile alivyonishika mkono. Niliogopa kumwona."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa kadi aliyokuwa ameitafuta kwenye sanduku zima.

"Hata mimi niliogopa, dada," akasema. "Ila mimi nilikuwa ndani."